Bahari Moja, Maswali Mengi: Kuchagua Shahada ya Sayansi au Hisabati

Mhadhara kwa wahitimu wa kidato cha sita, wazazi na walimu wao



Matokeo ya mtihani wa taifa yakishatoka mwezi Julai, nyumba nyingi huingia katika mjadala mmoja. Mtoto kasoma tahasusi ya PCM au PCB, au PGM, EGM, CBG; alama zimeshaonekana, dirisha la udahili limefunguliwa, na muda wenyewe ni mfupi. Baba ana lake, mama ana lake, mjomba aliyeko Dodoma anapiga simu. Swali linaloulizwa karibu kila nyumba ni hili: kwa alama hizi anaweza kupata nini?

Ni swali la haki, na Tume ya Vyuo Vikuu inalijibu vizuri katika mwongozo wake wa udahili. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Shahada hii inataka masomo haya, ile inataka yale. Mtu yeyote mwenye subira anaweza kukaa na mwongozo huo jioni moja akajua milango iliyo wazi kwa mwanawe. Nimefundisha hisabati chuo kikuu kwa miaka mingi, na wanafunzi niliowaona wakiteseka zaidi hawakuwa wale walioingia na alama ndogo. Walikuwa wale ambao, tangu kidato cha kwanza hadi siku ya kujaza fomu, hakuna aliyewauliza wanapenda kuhangaika na swali la namna gani. Kila somo la sayansi lina ugumu wake, na ugumu huo haufanani. Anayechagua shahada anachagua ugumu atakaolala nao na kuamka nao kwa miaka 3, 4 au 5. Basi naomba tuzungumze juu ya hilo.

Kwetu shahada za sayansi zimepewa vyeo. Udaktari uko juu. Chini yake uhandisi na famasia, kisha kompyuta, kisha nyingine ambazo majina yake yana harufu ya ofisi. Mwisho kabisa huwekwa Fizikia, Kemia, Botania, Zuolojia na Hisabati tupu. Kijana akisema anasoma Botania huulizwa kama alikosa udaktari. Na akiwa na "one ya tatu" ya PCB, matokeo ya juu kabisa, kisha akasema kwa hiari yake anataka kusoma mimea, kikao cha ukoo huitishwa.

Siwalaumu wazazi kwa kupanga hivyo. Mzazi ameona daktari anaheshimiwa, ameona mhandisi anajenga nyumba, na hajawahi kumwona mtu aliyeandikwa "mwanafizikia" mlangoni pake. Anapanga kwa alichokiona. Ila mpangilio huo haumwambii mtoto chochote kuhusu siku zake zitakavyokuwa. Udaktari wa binadamu ni miaka 5 darasani na wodini, kisha mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Humo mna kukariri kwingi, mna damu, mna kuamshwa usiku, mna kumweleza mama jambo ambalo hataki kulisikia. Yupo kijana ambaye hayo yote ndiyo anayoyatamani, aende, tutamhitaji. Yupo mwingine mwenye alama zile zile ambaye anachokipenda katika Biolojia ni kujua kwa nini jani la mkoko hutoa chumvi. Ukiwasukuma wote wawili mlango mmoja, mmoja wao utampoteza.

Niwape mfano, na nitakaa nao kidogo, maana kusema "fuata unachokipenda" bila kuonyesha kinafananaje ni maneno matupu. Tuchukue jambo ambalo sisi wa pwani tunaliona kila siku: bahari kujaa na kupwa.

Mvuvi wa Unguja au Mafia, na mama anayelima mwani Paje au Jambiani, hawahitaji chuo kikuu kujua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana. Katikati, mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu. Wanajua pia kwamba kila siku maji huchelewa kuliko jana. Na wanajua jambo la tatu ambalo mgeni halioni mpaka akae nasi: bamvua linapopwa mchana, hupwa karibu saa zile zile, saa tatu au saa nne za asubuhi, mwezi huu, mwezi ujao, mwaka ujao. Mkulima wa mwani hupanga kazi yake yote kwa elimu hiyo, kwa sababu ni wakati wa bamvua ndipo shamba lake hubaki katika maji ya kufikika kwa miguu.

Elimu hii ni sahihi kabisa. Sasa tazameni maswali yanayozaliwa nayo.

Mtu wa fizikia atauliza: mwezi hupita juu yetu mara moja kwa siku, kwa nini basi maji hujaa mara mbili? Jibu linatokana na tofauti ya mvuto. Maji yaliyo upande wa mwezi yanavutwa kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kitovu cha dunia, na kitovu kinavutwa kwa nguvu zaidi kidogo kuliko maji ya upande wa pili. Hivyo bahari hutuna pande zote mbili. Hapo hataridhika. Atauliza tena: jua ni zito kuliko mwezi mara milioni 27 hivi, mbona mwezi ndiye bwana wa maji? Atakaa chini na kupiga hesabu. Nguvu ya kujaza na kupwesha maji hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Jua liko mbali kuliko mwezi mara 390 hivi. Ukizidisha 390 kwa 390 kwa 390 unapata karibu milioni 59. Gawa 27 kwa 59: 0.46. Kwa hiyo jua lina chini kidogo ya nusu ya nguvu ya mwezi katika kazi hii. Mstari mmoja wa kugawanya, na unajua jambo kuhusu jua na mwezi ambalo hukuambiwa na mtu. Kama umesikia mwili wako ukisisimka hapo, zingatia. Hiyo ni dalili.

Mtu wa hisabati ya matumizi atalishika jambo hilo hilo kwa mkono mwingine. Atasema: bahari inachezeshwa na mawimbi mawili makubwa. La jua linarudi kila baada ya saa 12 kamili. La mwezi linarudi kila baada ya saa 12 na dakika 25, kwa sababu mwezi wenyewe unasogea angani. Kila mzunguko wimbi la mwezi linachelewa dakika 25, kwa siku karibu 50. Huko ndiko kule kuchelewa kwa maji anakokujua mvuvi. Mawimbi hayo yakikutana vilele kwa vilele, yanajumlishana, na hilo ndilo bamvua. Kilele cha moja kikikutana na bonde la jingine, yanapunguzana, na hayo ndiyo maji mafu. Inachukua muda gani tangu bamvua moja hadi jingine? Ni muda wa wimbi la mwezi kuchelewa mzunguko mzima. Ninyi wa PCM mnaijua fomula ya kujumlisha kosaini mbili. Mliikariri mkaambiwa itatoka kwenye mtihani. Itumieni hapa. Gawanya 12.42 kwa 0.42, zidisha kwa saa 12, utapata saa 355 hivi, yaani siku 14 na robo tatu na kitu kidogo. Na ile saa nne ya asubuhi? Wimbi la jua limefungwa kwenye saa ya ukutani, halichelewi. Bamvua ni pale wimbi la mwezi linapokutana nalo, kwa hiyo bamvua nalo halina budi kufuata saa ya jua.

Nimerahisisha. Mawimbi halisi hayalingani ukubwa, na wanaotengeneza majedwali ya maji hujumlisha makumi ya mawimbi madogo madogo pia: la mwezi kukaribia na kuwa mbali, la mwezi kwenda kaskazini na kusini, na mengine. Mwaka 1872 Lord Kelvin alibuni mashine ya magurudumu na roda iliyojumlisha mawimbi hayo kwa kuzungushwa mkono, ikachora maji ya bandari ya mwaka mzima kabla mwaka wenyewe haujafika. Leo kompyuta hufanya hivyo kwa kufumba na kufumbua, lakini hisabati ni ile ile.

Sasa aje mtu wa hisabati tupu. Huyu amekaa kimya muda wote. Anauliza: mmesema bahari ni jumla ya mawimbi. Nani amewaruhusu? Je, kila kitu kinachopanda na kushuka kinaweza kuandikwa kama jumla ya kosaini? Hata kikiwa na kona? Hata kikikatika ghafla? Joseph Fourier alidai hivyo katika kitabu chake kuhusu joto, mwaka 1822, na wakubwa wa zama zake walimtilia shaka, kwa sababu hakuwa amethibitisha. Mwaka 1829 Dirichlet alionyesha masharti ambayo yakitimia dai hilo linasimama. Kutokana na ugomvi huo wanahisabati walilazimika kusema upya, kwa uangalifu mkubwa, nini maana ya jumla isiyo na mwisho, na nini maana ya kukaribia thamani. Ukiingia mwaka wa kwanza wa shahada ya Hisabati, sehemu kubwa ya mateso yako itakuwa hapo. Yupo mwanafunzi atakayeona ni upotezaji wa muda: maji si yanajaa tu? Na yupo ambaye hatalala mpaka ajue ruhusa imetoka wapi. Huyo wa pili ni wetu.

Wengine watakuwa wamechoka na kosaini, na bado ni wanasayansi. Mtu wa takwimu na kompyuta atauliza habari za vipimo: kifaa cha kupima usawa wa bahari bandarini kikiharibika wiki mbili, pengo tunalizibaje bila kujidanganya? Na chini ya kupanda na kushuka kote huko, bahari yenyewe inainuka mwaka hadi mwaka au haiinuki? Kutenganisha ishara ndogo na kelele kubwa ni kazi ya maisha mazima.

Na mtu wa Biolojia amekwisha kushuka majini, anautazama mwani.

Hapa nataka kumtaja mtu ambaye vijana wengi hawamjui. Profesa Keto Mshigeni alikuwa mwanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka ya 1970, baada ya kusomea mwani hadi shahada ya uzamivu huko Hawaii, alirudi kuuchunguza wa pwani yetu: aina zake, mahali unapoota, jinsi unavyokua. Fikirini ukoo ungemwambiaje siku hizo. Umekwenda ng'ambo, umerudi, unaokota majani ya baharini! Wakati huo mwani wa porini uliokotwa ufukweni na kuuzwa nje. Kuulima lilikuwa wazo geni. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani, na leo maelfu ya wakulima, wengi wao wanawake, wanapata kipato kwa zao hilo. Kilichomo ndani ya mwani ni karajinani, ute unaotumika viwandani kufanya dawa ya meno isichuruzike na aiskrimu isitengane. Mwanakemia naye ameshapata pake.

Kisha tatizo jipya likaja. Ile aina yenye bei nzuri, ambayo wakulima huiita kotoni, ikaanza kufa katika maji ya kina kifupi. Maji yamekuwa ya joto kuliko zamani, na magonjwa yameandamana nalo. Dokta Flower Msuya, mtafiti aliyefanya kazi miaka mingi na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, akajikita katika njia za kuulimia mwani kwenye maji ya kina kirefu zaidi, na katika kuwafundisha akina mama kuuongezea thamani, kwa sabuni na bidhaa nyingine, badala ya kuuza mkavu tu. Kazi yake isingewezekana kama pasingekuwa na watu waliotangulia kuujua mwani kwa ajili ya kuujua. Ndiyo maana naumia nikisikia Botania ikiitwa shahada ya waliokosa. Sayansi kama hiyo huitwa ya msingi, na imeitwa hivyo kwa haki.

Wanangu, nilipokuwa naeleza haya nilikuwa nawatazama. Wapo walioinua uso kwenye 27 gawa kwa 59 na wakainamisha tena kwenye mwani. Wapo waliofanya kinyume. Bahari ni moja, ninyi mmegawanyika, na mgawanyiko huo una habari ambazo cheti cha matokeo hakina. Mtu anaweza kupata A ya Fizikia kwa bidii na tuisheni huku moyo wake uko kwenye takwimu. Anaweza kupata C ya Hisabati kwa sababu mwalimu alihamishwa katikati ya mwaka, na bado akawa ndiye mwenye swali la Fourier kifuani. Alama zinasema umefika wapi. Zinanyamaza kabisa juu ya unakotaka kwenda.

Basi pimeni. Kabla ya kujaza chochote, tafuteni orodha ya kozi za shahada mnayoifikiria, na msiishie mwaka wa kwanza, kwa sababu mwaka wa kwanza hufanana karibu kila mahali. Someni kozi za mwaka wa tatu. Humo ndimo shahada hujulikana ni nini hasa. Mtafuteni mtu anayeisoma sasa, na msimwulize kama ni ngumu, atasema ndiyo. Mwulizeni jana alifanya nini, kuanzia asubuhi. Mtu wa Kemia atawaambia alisimama maabara kwa muda wa saa nne akisubiri myeyusho ubadilike rangi. Mtu wa Hisabati atawaambia alikaa na ukurasa mmoja tangu asubuhi na hakuumaliza. Mtu wa kompyuta atawaambia alitafuta kosa la nukta moja. Sikilizeni kama mnaonea wivu siku hiyo au mnamhurumia.

Kuhusu ukurasa mmoja kwa siku nzima, niseme wazi, kwa sababu hapo ndipo wengi huanguka. Kila mwaka napokea wanafunzi wenye A ya Hisabati ya kidato cha sita, na kila mwaka baadhi yao hupata sapu, yaani mtihani wa kurudia, muhula wa kwanza. Hulia ofisini, wanadhani akili imewatoka. Akili iko pale pale. Kilichobadilika ni kazi. Kidato cha sita ulipewa swali linalofanana na la mwaka juzi, ukatumia njia uliyofundishwa, ukamaliza kwa dakika 20. Ulipitia mitihani iliyopita ya miaka 10 na ukajua mtunzi anapenda nini. Chuo kikuu unaulizwa: thibitisha. Hakuna namba mwishoni ya kupigia mstari. Unaanza kwa kuandika maana ya kila neno lililomo katika swali, unajaribu mfano mdogo, unajaribu kuuvunja, unashindwa, unatoka kunywa chai, unarudi. Anayedhani kushindwa kwa saa tatu ni ushahidi kwamba hafai atakimbia. Anayejua kwamba saa hizo tatu ndizo kazi yenyewe atabaki, na kufika mwaka wa pili utamwona amenyooka mgongo.

Kwa hilo kuna jambo linalosaidia sana: jadilianeni kwa lugha mnayoiotea ndoto. Mihadhara ni ya Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, na hilo hamtalikwepa. Lakini vikundi vya mazungumzo vilivyoko chini ya miti pale chuoni Mlimani, watu wakibishana kwa Kiswahili juu ya mlinganyo hadi uwaelee, vimeokoa wengi kuliko daftari zilizonakiliwa vizuri.

Nije kwenye fedha, maana mzazi anayenisikiliza amekuwa akilisubiri neno hilo.

Bodi ya Mikopo huangalia uhitaji wa familia, na huzipa uzito fani ambazo taifa linazitaka, sayansi na ualimu wa sayansi zikiwamo. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 upo pia ufadhili uitwao Samia Scholarship kwa wale waliofanya vizuri sana katika tahasusi za sayansi. Yuko kijana ambaye bila bumu, yaani fedha za mkopo, hawezi kukaa chuoni hata wiki moja, na akichagua shahada kwa kutazama mkopo uko wapi, anafanya jambo la busara, asisimangwe. Ninachomwomba ni kwamba, ndani ya orodha hiyo ya zenye mkopo, achague kwa swali lake. Orodha ni ndefu kuliko anavyodhani. Na ajue mkopo ni deni: siku akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kila mwezi mpaka liishe.

Ajira, je? Nitasema ninachokiona. Shahada ya Fizikia au Hisabati haina mlango mmoja wenye jina lake, na hilo linawatisha watu. Wahitimu wake nimewakuta Mamlaka ya Hali ya Hewa, nimewakuta kwenye benki wakipima hatari ya mikopo, kwenye bima na mifuko ya pensheni, kwenye kampuni za simu. Sensa ya mwaka 2022 ilitupa watu 61,741,120; kuna mtu ambaye kazi yake ni kuigeuza namba hiyo kuwa madarasa mangapi yatahitajika wilaya gani mwaka gani, na mtu huyo alianza kwa kusoma uwezekano na takwimu. Lakini nitakuwa nadanganya nikisema shahada tupu inatosha. Anayesoma sayansi ya msingi leo, iwe Zuolojia au Hisabati, ajifunze kuandika programu na ajifunze takwimu, hata kama hazimo katika kozi za lazima. Azichukue kama za hiari, au azisome usiku. Mwenye Zuolojia na takwimu huajiriwa mahali ambapo mwenye Zuolojia pekee husubiri.

Ualimu nautenga peke yake, kwa sababu umedharauliwa kuliko vyote na ndio tunaouhitaji kuliko vyote. Kwa miaka mingi watahiniwa wanaofaulu Hisabati kidato cha nne nchini hawajafika theluthi moja. Zaidi ya vijana wawili katika kila watatu hufeli, kila mwaka! Hao wamefungiwa uhandisi, wamefungiwa fizikia, wamefungiwa mengi kabla hawajafikisha miaka 18. Wengi wao walifundishwa katika darasa lililojaa mno, au hawakuwa na mwalimu wa somo hilo kwa kipindi kirefu. Shahada ya Sayansi na Elimu huchaguliwa na wengi kwa sababu ina mkopo na ina matumaini ya ajira ya serikali, na hivyo ndivyo ilivyo. Ningefurahi mno kumwona kijana mwenye A mbili akiichagua kwa sababu anataka kusimama mbele ya darasa hilo lililojaa na kubadilisha theluthi iwe nusu. Mzazi wa kijana huyo asione haya.

Wasichana. Sitaki kuwatengea mhadhara wao, maana yote niliyosema yanawahusu sawasawa. Ila najua mnaambiwa maneno ambayo kaka zenu hawaambiwi: fizikia itakuchosha, utaolewa lini, kwa nini usichague kitu chepesi. Profesa Verdiana Masanja alizaliwa Bukoba, akasoma hisabati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Berlin, na akawa mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata shahada ya uzamivu katika hisabati. Utafiti wake ulihusu vimiminika visivyotiririka kama maji vinapopita ndani ya bomba, na milinganyo yake ni migumu kwelikweli. Alifundisha Dar es Salaam na baadaye Rwanda. Hilo lilikwisha kutokea miaka ya 1980. Anayewaambia leo kwamba haiwezekani amechelewa miaka 40.

Na hofu ya mwisho, ambayo wazazi huificha: je, akikosea? Kuna watu wanaoliona chaguo hili kama mlango unaofungwa kwa nje. Hao nawakumbusha kisa kimoja. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliona maziwa yake ya moto yakiganda kuwa aiskrimu kabla ya ya mwenzake yaliyopoa. Aliuliza sababu, akachekwa. Alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilo Dokta Denis Osborne aliyetoka chuo kikuu Dar es Salaam kuja kuzungumza na wanafunzi. Naye, badala ya kumnyamazisha, alirudi Dar es Salaam akalijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo: wengine wamelipima na kusema halipo, wengine wanasema linatokea kwa masharti fulani. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi, na mara nyingi huachwa kipande kimoja. Mpemba hakusomea fizikia. Alikwenda Chuo cha Wanyamapori Mweka, na maisha yake ya kazi yakawa katika wanyamapori. Hakuna kilichopotea kwa hilo. Macho yaliyoona maziwa yanaganda ndiyo aliyokwenda nayo porini.

Kwa hiyo mkifika chuoni, na wiki za mwanzo zikawaonyesha kwamba mmeingia pasipo penu, semeni mapema. Vyuo huruhusu kuhama programu mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, ikiwa nafasi ipo na alama zako zinatimiza masharti ya unakokwenda, na ikiwa umewahi tarehe. Ukingoja muhula wa pili mlango huwa umefungwa na mkopo nao huleta mashaka. Nendeni kwa mratibu wa udahili wa kitivo, mwende na barua, mwende na orodha ya kozi za mwaka wa tatu za kule mnakotaka kwenda, mweleze swali gani linawapeleka huko. Nami nikiwa ofisini siku hizo za mwanzo, foleni mlangoni huwa ndefu, na humsikiliza kila mmoja.